Kiti cha Mshiriki: Chemsha Bongo za Televisheni Zilivyoingia Ndani ya Kompyuta

Kipindi cha chemsha bongo kwenye televisheni kina wachezaji wa namna mbili. Yuko aliyeketi mbele ya kamera, anayeonekana na kutajwa jina, na yuko aliyeketi nyumbani, ambaye hujibu kwa sauti kabla ya mwenzake kufungua mdomo, kisha hukasirika mwenzake anapokosea. Huyu wa pili ndiye mwenye idadi kubwa na ndiye anayekifanya kipindi kiendelee kuwepo, lakini kwa miongo mingi hakuwa na njia ya kupima kama kweli angefika mbali kiasi anachodai. Michezo ya kompyuta iliyotokana na vipindi hivyo ilitengenezwa kwa ajili yake. Nimeicheza mingi na kuifuatilia kwa miaka, na nimefikia msimamo ambao napenda kuueleza kwa kirefu: mchezo wa namna hii haufaulu kwa kuiga taa, viti na rangi za studio. Unafaulu pale watungaji wake wanapotambua kwamba kati ya swali na jibu yupo mtu anayeuliza, anayesubiri, anayetia shaka na anayefurahi pamoja na mshiriki, na kwamba kazi ngumu kuliko zote ni kuifanya kompyuta ishike nafasi ya mtu huyo.

Majaribio ya mwanzo yalifanyika Marekani, na hayakuwa na uwezo wa kuifanya kompyuta ishike nafasi hiyo. Jeopardy!, kipindi kilichobuniwa na Merv Griffin na kuanza kurushwa na NBC mwaka 1964, kilikuwa kimefufuliwa mwaka 1984 kikiongozwa na Alex Trebek. Wheel of Fortune, cha Griffin huyohuyo, ambamo washiriki hubashiri herufi za fumbo lililofichwa ubaoni, kilikuwa hewani tangu mwaka 1975 na kufikia katikati ya miaka ya 1980 kilikuwa kikitazamwa na mamilioni ya Wamarekani kila jioni. Mwaka 1987 kampuni ya ShareData ilitoa matoleo ya vipindi hivyo kwa kompyuta za nyumbani, na mwaka 1988 kampuni ya GameTek ikatoa matoleo ya mashine ya Nintendo yaliyotengenezwa na Rare, studio ya Uingereza ambayo baadaye ilipata umaarufu kwa michezo ya aina nyingine kabisa. Katika matoleo hayo washiriki walikuwa vinyago vidogo vya rangi chache. Mwongoza kipindi aliandika tu maneno yake kwenye skrini. Sauti ya binadamu haikuwemo, kwa sababu nafasi ya kuihifadhi haikuwepo.

Hata hivyo, matoleo hayo yalikumbana na tatizo ambalo bado lipo mpaka leo, yaani kompyuta itajuaje kwamba jibu ni sahihi. Studioni jambo hili huamuliwa na watu. Mshiriki akitamka jina la ukoo peke yake, au akilitamka kwa lafudhi ya kwao, waamuzi huelewa na kumkubalia. Kwenye Jeopardy! ya Nintendo mchezaji alichagua herufi moja baada ya nyingine huku muda ukiyoyoma, na programu ilipaswa kuamua kama alichoandika kinafanana na kilichohifadhiwa. Watengenezaji waliamua kuwa wapole. Upole huo ulipita kiasi, kwani wachezaji waligundua kwamba mtu aliweza kujaza herufi za ziada zisizo na maana yoyote, na programu ikamkubalia alimradi herufi za jibu sahihi zimo ndani yake kwa mpangilio wake. Siwalaumu. Kati ya programu inayomnyima ushindi mtu anayejua kwa sababu amekosea herufi moja, na programu inayodanganyika, ningechagua ya pili bila kusita, kwa kuwa mchezaji anayejua jibu kisha akaambiwa hajui haurudii mchezo huo tena.

Mabadiliko makubwa yalitoka kwa kampuni ambayo haikuwa na kipindi chochote cha televisheni. Mwaka 1995, jijini Chicago, kampuni ya Jellyvision iliyoanzishwa na Harry Gottlieb ilitoa mchezo uitwao You Don't Know Jack. Ulikuwa chemsha bongo kamili yenye mwongoza kipindi, muziki na matangazo ya kubuni, ila hakukuwa na studio iliyokuwa ikiigwa. Skrini ilikuwa karibu tupu, ikiwa na maneno na sauti tu. Waandishi wa Jellyvision walirekodi majibu mengi mno ya mwongoza kipindi kwa kila jambo ambalo mchezaji angeweza kufanya. Ukijibu haraka alikuwa na la kusema, ukichelewa alikuwa na la kusema, na ukichagua jibu la kipumbavu kuliko yote alikuwa na maneno mahususi kwa jibu hilohilo, si kwa kosa lolote tu. Gottlieb aliweka kanuni zake kwenye maandishi, na kiini chake ni kwamba mtu akiona kompyuta imetambua alichokifanya sasa hivi, huanza kuitendea kama mtu, mradi mwendo wa mazungumzo usikatike. Mkatiko mdogo tu, sauti inayochelewa au sentensi inayojirudia kwa namna ileile, humkumbusha mchezaji kwamba anazungumza na mashine.

Kwa hiyo haikuwa bahati kwamba Jellyvision ndiyo iliyokabidhiwa kazi ya kutengeneza toleo la kompyuta la Who Wants to Be a Millionaire? nchini Marekani. Kipindi chenyewe kilianza Uingereza kwenye ITV tarehe 4 Septemba 1998, kikiongozwa na Chris Tarrant, na Agosti 1999 kilianza kurushwa na ABC ya Marekani kikiongozwa na Regis Philbin. Mchezo wa kompyuta ulitolewa na Disney Interactive kabla mwaka huo haujaisha, ukiwa na sauti ya Philbin mwenyewe, na ukawa miongoni mwa michezo iliyouzwa zaidi nchini humo msimu ule. Uingereza nayo ilipata toleo lake mwaka 2000 kupitia kampuni ya Eidos, kwa sauti ya Tarrant.

Napenda kukaa kidogo kwenye kipindi hiki, kwa sababu sijaona kingine kinachoonyesha wazi hivi ni nini huvuka kutoka studio hadi kompyuta na ni nini hubaki nyuma. Muundo wake wa awali wa Uingereza ni maswali 15, yakianzia pauni 100 na kuishia pauni milioni 1, yakiwa na vituo viwili vya usalama, pauni 1,000 na pauni 32,000, ambapo mshiriki akikosea baadaye hashuki chini yake. Anayo misaada mitatu: kuondolewa majibu mawili, kumpigia rafiki simu, na kuiuliza hadhira. Muziki uliotungwa na Keith Strachan na mwanawe Matthew hupanda nusu toni kadiri maswali yanavyoendelea, kiasi kwamba mwili wa msikilizaji hukaza hata kama hajui kwa nini. Na zaidi ya hayo yote, mshiriki ana haki ambayo vipindi vingi vya kabla yake havikuitoa: anaweza kuliona swali, akalitafakari kwa muda wote autakao, kisha akasema anaondoka na fedha alizokwisha kuzipata.

Haki hiyo ndiyo moyo wa kipindi, na ndiyo inayokufa kwanza mchezo unapoingia kwenye kompyuta. Nyumbani hakuna anayeondoka na fedha. Kwa nini aondoke? Pauni 64,000 za kwenye skrini hazilipi kodi ya nyumba wala karo ya mtoto, na akikosea ataanza upya baada ya sekunde chache. Tarrant alikuwa na desturi ya kumwandikia mshiriki hundi, akampa aishike, kisha akaichukua tena na kumwambia kwamba hataki kumpa hiyo. Ile hundi ilikuwa na maana kwa sababu vidole vilivyoishika vilikuwa vikitetemeka. Mchezaji wa kompyuta hana cha kushika, hivyo anabahatisha mpaka mwisho, na vituo viwili vya usalama vilivyopangwa kwa ustadi mkubwa vinabaki kuwa rangi tofauti tu kwenye orodha ya fedha.

Lipo jambo linalonifanya nisikubali haraka kwamba tatizo lote ni fedha. Mwaka 2008 wachumi Thierry Post, Martijn van den Assem, Guido Baltussen na Richard Thaler walichapisha utafiti kuhusu Deal or No Deal, kipindi chenye asili ya Uholanzi ambamo mshiriki hufungua masanduku ya fedha huku mwenye benki akimpa ofa ya kuacha. Walichunguza maamuzi ya washiriki halisi wa nchi kadhaa, kisha wakawachezesha wanafunzi mchezo huohuo kwa viwango vidogo mno vya fedha. Tabia zilikaribiana kuliko ambavyo mtu angetarajia. Mtu aliyeona fedha kubwa zikitoweka mbele yake alielekea kujasiri zaidi, ziwe fedha kubwa za televisheni au fedha ndogo za darasani, kwa kuwa alipima hasara yake kwa kulinganisha na kile alichokuwa ametarajia dakika chache kabla. Ninachojifunza hapo ni kwamba hofu haihitaji milioni. Inahitaji kitu, hata kidogo, ambacho mchezaji amekwisha kukihesabu kuwa chake na ambacho hakirudishwi kwa kubofya kitufe. Michezo mingi ya kompyuta ya vipindi hivi ilitoa zawadi isiyo na kikomo na nafasi zisizo na kikomo, na hivyo ikajinyima hata kile kidogo.

Misaada mitatu nayo ilikuwa na matatizo yake, na hapa kazi ya watungaji hupendeza sana kwa mtu anayejali ufundi. Kuondoa majibu mawili ni rahisi. Kuiuliza hadhira ni jambo gumu, kwa sababu hadhira haipo. Kwenye kipindi cha Marekani watu wa ukumbini walikuwa sahihi katika zaidi ya asilimia 90 ya mara walizoulizwa, kwa vile maswali waliyoulizwa mengi yalikuwa yale ya kawaida yaliyomkwamisha mshiriki fulani tu. Programu ikiwafanya wawe sahihi daima, msaada unageuka kuwa jibu la bure. Ikiwafanya wabahatishe, msaada hauna kazi. Mtungaji analazimika kubuni umma mzima wa watu wasiokuwepo, wanaojua sana mambo ya kila siku, wanaoyumba katika historia, na ambao mara chache hukosea wote kwa pamoja kwa sababu ya dhana iliyoenea. Rafiki wa kwenye simu ni mgumu zaidi, maana sekunde zake 30 hazikuwa na thamani kwa sababu ya jibu pekee. Zilikuwa na thamani kwa sababu ya namna anavyosema kwamba ana hakika kiasi fulani, na mshiriki anayemjua tangu utotoni akatambua kwenye sauti yake kama ana hakika kweli. Rafiki aliyerekodiwa na mwigizaji hana historia na mchezaji, kwa hiyo hakuna cha kusoma kwenye sauti hiyo.

Mimi na dada yangu tulilicheza toleo la Uingereza kwenye kompyuta ya mjomba wetu mjini Tanga, na huko ndiko nilikoanza kuona kwamba pengo hilo linaweza kuzibwa na watu waliomo chumbani. Mjomba hakupenda kucheza. Alipenda kusimama nyuma ya kiti, akisubiri mmoja wetu apeleke kishale kwenye jibu, kisha akauliza taratibu, "Una hakika, mjomba?" Swali hilo lilitutikisa kuliko sauti yoyote iliyotoka kwenye spika, kwani tulijua kwamba mara nyingine anauliza kwa kuwa tumekosea na mara nyingine anauliza ili atupime tu. Tarrant wa kwenye diski aliweza kuuliza kama hilo ndilo jibu letu la mwisho, lakini baada ya muda tulikuwa tumezisikia namna zake zote za kuuliza. Nguvu ya mwongoza kipindi hukaa kwenye kutotabirika kwake, na sauti iliyorekodiwa ina mwisho.

Maswali nayo yana mwisho, na hili ndilo linaloitenga diski na kipindi kuliko watu wanavyofikiri. Kipindi huandikiwa maswali mapya kila wiki. Diski huandikiwa mara moja, ikafungwa na kuuzwa. Mchezaji mwenye bidii huanza kuyakuta maswali aliyokwisha kuyajibu, na kutoka hapo anacheza mchezo wa kumbukumbu badala ya mchezo wa maarifa. Kisha ulimwengu unabadilika nje ya diski. Diski ya mwaka 2000 ikiuliza nchi kubwa kuliko zote barani Afrika itataka jibu la Sudan, ingawa tangu Sudan Kusini ijitenge Julai 2011 jibu ni Algeria. Ikiuliza idadi ya sayari itataka tisa, ingawa Pluto iliondolewa kwenye orodha mwaka 2006. Ikiuliza nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki itataka tatu, na sasa ni nane. Nazipenda diski hizo kuukuu kwa sababu hiyohiyo, kwa maana zimehifadhi, bila kukusudia, orodha ya mambo ambayo taifa fulani katika mwaka fulani liliamini kwamba kila mtu mwenye akili timamu anapaswa kuyajua. Toleo la Uingereza lilitarajia tuzijue tamthilia za televisheni za London na Manchester, timu za kriketi na wanasiasa wa enzi ya Margaret Thatcher. Tuliyajifunza hayo yote kwa kukosea, na mpaka leo nayakumbuka.

Simu za mkononi zilirudisha baadhi ya vilivyopotea. Nchini India, kipindi cha Kaun Banega Crorepati, yaani Who Wants to Be a Millionaire? ya huko, kinachoongozwa na Amitabh Bachchan, kiliwawezesha watazamaji kujibu kwenye simu zao maswali yaleyale, kwa wakati uleule ambao mshiriki wa studioni anaulizwa, kuanzia mwaka 2017. Mwaka huohuo Marekani ilipata HQ Trivia, ambacho kilikuwa kipindi kizima kilichoishi ndani ya simu, chenye mwongoza kipindi halisi aliye hewani, fedha halisi na sheria kali kwamba anayekosea mara moja ametoka. Machi 2018 watu zaidi ya milioni 2 walicheza kwa wakati mmoja. Hakikuwa na picha za kupendeza wala vinyago, lakini kilikuwa na mtu anayezungumza sasa hivi na nafasi moja isiyorudiwa. Kilifungwa Februari 2020, kampuni ikiwa imeishiwa fedha na watazamaji wakiwa wamepungua sana. Kile kilichokifanya kivutie, yaani fedha za kweli na mtangazaji wa kweli kila siku, ndicho kilichokifanya kiwe ghali kukiendesha.

Nimekuwa nikijiuliza ni vipi kazi hii ingefanywa kwa Kiswahili, kwa ukamilifu wake, si kwa kutafsiri menyu na kuacha mengine. Chukua Wheel of Fortune. Sheria yake ya msingi ni kwamba mshiriki hubashiri konsonanti bure lakini irabu huinunua, na kwenye kipindi cha Marekani bei yake ni dola 250. Sheria hiyo inategemea Kiingereza, ambamo konsonanti ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya neno. Sasa iweke methali "Haba na haba hujaza kibaba" kwenye ubao. Ina herufi 22, na 11 kati yake ni irabu. Herufi A peke yake inajitokeza mara 9. Mshiriki akiinunua A tu, ubao unakuwa umefunguka karibu nusu, na mtoto yeyote wa darasa la tatu ataimalizia. Katika mchezo wa Kiswahili irabu zingepaswa kuwa ghali zaidi, au kila moja iwe na bei yake, au mshiriki aruhusiwe kununua moja tu kwa fumbo zima. Na zile herufi sita ambazo Wamarekani humpa mshiriki bure katika raundi ya mwisho, R, S, T, L, N na E, zingepaswa kuchaguliwa upya kwa kuzihesabu herufi kwenye maandishi yetu wenyewe.

Ukaguzi wa majibu ungehitaji uangalifu uleule. Programu ingepaswa kukubali "Nyerere", "Julius Nyerere" na "Mwalimu Nyerere" kuwa mtu mmoja, ikubali "Kilimanjaro" na "Mlima Kilimanjaro", na isimwadhibu Mkenya au Mkongo kwa kuandika jina la mahali kama linavyoandikwa kwao. Maswali yangelazimika kuandikwa kwa kuzingatia kwamba mchezaji wa Mombasa, wa Bujumbura na wa Muscat wanashirikiana lugha lakini hawakusoma mitaala mimoja. Sehemu hii ya kazi ni kubwa, ila inawezekana kwa timu ndogo yenye subira.

Sauti ndiyo ningeianza nayo. Kuanzia mwaka 2007 wengi wetu tulimtazama John Sibi-Okumu akiongoza shindano la chemsha bongo la vyuo vikuu lililowakutanisha wanafunzi wa Kenya, Uganda na Tanzania, na baadaye wa nchi nyingine. Lilikuwa kwa Kiingereza, lakini utulivu wake na namna alivyompa mwanafunzi muda wa kupumua kabla ya kumwambia amekosa vilionyesha kwamba ufundi huo tunao. Mtu wa namna hiyo, akiongea Kiswahili, ningemketisha studioni siku nyingi kabla swali la kwanza halijaandikwa. Ningemrekodi akishuku, akihimiza, akisikitika pamoja na mchezaji, akimsubiri anayechelewa, akimpongeza aliyebahatisha kwa namna tofauti na anavyompongeza aliyejua, kisha ningewaomba waandishi watunge maswali yanayoipa sauti hiyo nafasi ya kutumika.